Mnara Usiopungua

Kila mji wa Shirikisho ulikuwa na Mnara wa Akiba, na kila mnara ulikuwa na mshipa wa taa za manjano uliopanda kutoka chini hadi juu, kuonyesha mafuta yaliyosalia ardhini. Hata mtoto wa chekechea angeweza kuusoma. Taa zikiwa juu, nchi ina akiba. Zikishuka, watu wajiandae. Mnara wa Lomeyan, mji ulioota katikati ya jangwa kwa sababu ya visima vya mafuta, ulisimama mbele ya mkahawa wa Asekon, na kwa muda mrefu taa zake hazikuwa zimeshuka hata upana wa kidole.

"Sufuria yangu hii," Asekon alisema huku akikoroga chai, "nikimimina kikombe, inapungua. Nikimimina cha pili, inapungua zaidi. Ya serikali ni sufuria gani, jamani, inayomiminwa mchana kutwa na haipungui?"

Wateja wakacheka. Nawoi Ekitela, aliyekaa meza ya pembeni na mandazi yake, hakucheka. Yeye alikuwa mhandisi wa miamba katika Mamlaka ya Akiba, na Asekon alikuwa binti wa baba yake mkubwa, kwa hiyo alijua maneno yale yalikuwa yanamwendea nani.

"Dada, hayo tumeyamaliza jana," alisema.

"Tumeyamaliza wewe na nani? Fundi barabara alikuwa hapa asubuhi. Anasema zamani malori yale yasiyo na dereva yakipita, lami inalia. Siku hizi yanapita yakirukaruka kama mbuzi. Yamebeba nini, hewa?"

"Mimi nimesikia kuna bomba chini ya ardhi, mafuta yanaibwa yanapelekwa ng'ambo," mwingine akadakia.

"Uongo. Mafuta yapo, wanayaficha yapande bei."

"Lisemwalo lipo," akasema wa tatu.

"Lipi sasa?" Nawoi akauliza kwa ukali. "Yameibwa, yamefichwa, au yamekwisha? Chagueni moja, nami nitawajibu." Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayetetea mtoto wake. "Kule chini tumetia chembe. Kila chembe ni mashine ndogo kuliko punje ya wimbi. Inaogelea ndani ya vitundu vya mwamba, inakula joto la ardhi, na inasema ilipo na imezungukwa na nini. Inamwambia mwenzake, mwenzake anamwambia mwenzake, mpaka habari inafika mdomo wa kisima. Nimezitengeneza mimi na wenzangu, tukazeekea maabara. Binadamu anadanganya. Chembe haijui kudanganya."

Asekon akamwongezea chai bila kuombwa. "Haya, mdogo wangu. Kesho kutwa unaenda Kaekorot kuwaambia wale watu wahame. Uwaambie na hilo la chembe."

Hapo ndipo palipouma. Mamlaka ilikuwa imetangaza kwamba chini ya chemchemi ya Kaekorot kumegunduliwa hazina mpya ya mafuta, na wafugaji walioishi pale walitakiwa kuondoka ili visima vichimbwe. Walikuwa wamekataa. Wakaitiwa baraza, na Nawoi akateuliwa kwenda kuwaeleza kitaalamu. Aliikubali kazi hiyo kwa moyo safi. Aliamini kwamba mtu akielezwa vizuri, anaelewa.

*

Wazo la kuwasikilizisha wafugaji chembe lilikuwa lake mwenyewe. Watu wamechoka na michoro, alijiambia, wasikie wenyewe. Chembe huzungumza kwa mtetemo, na mtetemo unaweza kugeuzwa sauti. Kwenye maabara walizoea kuzitambua kwa sikio: chembe iliyozama katika mafuta hunguruma taratibu, mlio mzito kama wa nyuki ndani ya mzinga; iliyo katika maji hulia kwa wembamba, kama kikombe cha kioo kilichogongwa kijiko.

Tangu aondoke maabara hakuwa amezisikia. Habari za chembe sasa zilipita kwanza katika programu iliyoitwa Msawazo, ambayo kazi yake ilikuwa kuondoa makelele ya mitambo, kisha zikaenda kwenye minara zikiwa tarakimu tupu. Tarakimu hazina mlio. Ili apate sauti, Nawoi alilazimika kuukwepa Msawazo na kuunganisha chombo chake moja kwa moja na mdomo wa kisima.

Alianza na Kisima cha Tisa, kisima mama, kile ambacho picha yake ilikuwa kwenye noti. Akachomeka waya, akavaa spika za masikioni, akafumba macho kungoja nyuki.

Kikombe cha kioo kikalia. Kikalia tena. Vikombe elfu, huku na huku, vyembamba na vya baridi.

Akadhani chombo kimeharibika. Akabadilisha waya, akasafisha kichomeo kwa pindo la kanga aliyojifunga dhidi ya vumbi, akajaribu tena. Kioo. Akaenda kisima cha jirani: kioo, na kwa mbali, nyuki wachache waliochoka. Jua lilikuwa limesimama utosini na mabati ya uzio yalikuwa yanachoma mkono, lakini alizunguka uwanja mzima kwa miguu, kisima hadi kisima, na kila alipochomeka alisikia kitu kilekile. Maji. Maji ya chumvi yaliyosukumwa humo miaka nenda rudi ili kukamua mafuta, na mafuta yenyewe yamebaki mabaki, kama mchuzi ulioganda kwenye kingo za chungu.

Mwisho alienda kwenye kisima cha majaribio kilichochimbwa pembeni mwa Kaekorot. Hapo mlio ulikuwa mwembamba kuliko pote, mtamu, usio na chumvi hata kidogo. Chini ya chemchemi ile hapakuwa na tone la mafuta. Palikuwa na ziwa zima la maji matamu.

Nawoi alivua spika akakaa chini kwenye kokoto. Aligeuza kichwa akautazama mnara wa Lomeyan kule mbali, taa zake zinang'aa mpaka juu. Hakuona huzuni. Aliona hasira.

*

Mkurugenzi wa Mamlaka, Lomuria Ekeno, alikuwa rafiki wa baba yake marehemu. Ndiye aliyesimama kanisani kumzika, ndiye aliyemsomesha Nawoi miaka miwili ya mwisho ya chuo. Nawoi hakuwahi kumwita kwa cheo.

"Baba mdogo," alisema, na hakukaa alipoonyeshwa kiti. "Kisima cha Tisa kina maji."

Lomuria aliinuka, akafunga mlango, akapunguza kipoza hewa kana kwamba kelele yake ndiyo iliyomsumbua. Alikuwa mzee mnadhifu, mwenye sauti ya upole.

"Nilijua ni wewe utakayekuja," alisema. "Wengine hawana masikio."

"Kwa hiyo unajua."

"Najua. Wanaojua tunaenea meza moja. Msawazo ulianza kwa nia njema, mwanangu. Mwaka ule akiba iliposhuka ghafla, wakopeshaji walitishia kuondoka. Tukasema, tuzishikilie taa mwaka mmoja tu, tutafute njia. Mwaka ukazaa mwaka."

"Na malori?"

"Baadhi yana mafuta. Tunakamua kinachokamulika. Lakini hatuishi kwa kuuza mafuta siku hizi. Tunauza mnara. Mkopeshaji anautazama, anatukopesha. Mkopo ndio Gawio linaloingia kwenye simu ya kila mwananchi mwisho wa mwezi. Ndio mshahara wa mwalimu. Ndio umeme wa zahanati." Akamtazama usoni. "Ndio mashine ya figo inayomsafisha mama yako damu."

Nawoi aliushika mgongo wa kiti ambacho hakukikalia. "Na Kaekorot?"

"Maji yetu ya kusukumia yamekwisha. Ya chumvi yameozesha mabomba. Tukipata yale matamu, tutakamua miaka mitatu mingine, labda minne. Katika miaka hiyo tutajenga mitambo ya jua, tutalipa madeni, tutashusha taa pole pole, watu wasishtuke."

"Miaka yote mliyopewa na Msawazo mlijenga mitambo mingapi?"

Lomuria alianza kupanga karatasi mezani.

"Mnawahamisha watu kwa ajili ya mafuta ambayo hayapo," Nawoi alisema, na sauti yake ikapanda bila ruhusa yake. "Mnachukua maji yao, mnayatupa kwenye chungu kitupu ili kichemke kidogo mbele ya wageni! Na mimi ndiye mliyenichagua niende niwaambie, kwa sababu nazungumza lugha yao na nina uso wa ukweli. Baba mdogo, ulinisomesha kwa ajili ya hili?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

"Basi nisikilize ukiwa umeipandisha," Lomuria alisema, na upole wake haukupungua, jambo lililomkera Nawoi kuliko tusi. "Kaekorot wana kaya chache, na tutawapa nyumba za matofali. Upande wa pili kuna nchi nzima. Ukisema, wakopeshaji hawatangoja machweo. Watakaoumia si mimi. Mimi nina shamba na nina pensheni nje. Wataumia wale wanaokunywa chai kwa dada yako. Nenda ukafikiri. Wewe ni msomi, unajua kupima."

*

Mama yake, Aule, alikuwa kitandani zahanati, mirija miwili mkononi, mashine ikizunguka kando yake. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekonda, bado amevaa shanga zake zote, kwa kuwa alisema hawezi kulala mbele ya manesi akiwa uchi wa shingo.

Nawoi alimweleza yote. Hakuwa na mtu mwingine wa kumweleza. Na moyoni, ingawa hakukiri, alikuja kutafuta ruhusa. Alitaka mama yake aseme lile neno ambalo akina mama husema kwenye hadithi: nenda mwanangu, usinijali mimi.

Aule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Usiseme."

"Mama?"

"Usiseme, Nawoi. Kaekorot nawajua, dada ya mama yangu aliolewa kule. Nawaonea huruma. Lakini mashine hii ikizimwa, nitavimba miguu, kisha nitavimba uso, kisha nitazama katika maji yangu mwenyewe. Nimemwona mwenzangu wa kitanda kile. Mimi naogopa kufa. Sioni aibu kusema."

"Lakini huo ni uongo, mama. Mashine itazimika tu, leo au baada ya miaka mitatu."

"Miaka mitatu ni mingi kwa mtu wa kitanda hiki," Aule alisema, akageuza uso ukutani.

Nawoi alikaa pale mpaka mashine ilipomaliza kazi yake, akamsaidia mama kuvaa viatu, akamrudisha nyumbani. Alikuwa amebeba pande zote mbili za mizani, na hakuna aliyemsaidia kushika hata kamba.

Usingizi haukuja. Kilichomrudia kichwani si Kisima cha Tisa, wala mnara. Ni lile neno la Lomuria: *unajua kupima.* Kana kwamba swali lilikuwa hesabu. Kana kwamba wao waliokaa meza moja walikuwa na haki ya kuweka nchi kwenye upande mmoja na watu wachache upande wa pili, kisha wakanyoosha mkono wakachukua kila kitu, bila kuwauliza walio kwenye mizani. Hata mama yake hakuulizwa. Angeulizwa miaka ile, na nchi ikaulizwa, pengine mashine ingekuwa inaendeshwa na jua sasa hivi. Walioibiwa hawakuibiwa mafuta tu. Waliibiwa ule muda wa kujiandaa.

*

Baraza la Kaekorot lilikaa asubuhi, kwenye uwanja wa josho karibu na chemchemi. Lomuria alikuja na maofisa wawili na kamera zilizorusha mkutano kwenye skrini zilizo chini ya minara yote, maana Mamlaka ilitaka nchi ione wafugaji wakikubali. Msemaji wa wenyeji alikuwa Ekuwam, mwenyekiti wa ushirika wa maziwa ya ngamia, mwanamume wa makamo mwenye mwanya, asiyependa maneno mengi.

"Tumeambiwa kuna mtaalamu," alisema. "Aseme, tusikie."

Nawoi alisimama. Mbele yake aliweka madumu mawili yaliyokatwa juu: moja lina maji ya chemchemi, moja lina mafuta ghafi aliyoyachota kwenye tangi la maabara. Akatoa kichupa cha chembe, akamimina nusu huku, nusu kule. Lomuria alikuwa anatabasamu. Alidhani ni maonyesho.

"Kwanza sikilizeni mafuta," Nawoi alisema, akachomeka waya wa spika kubwa ya baraza.

Nyuki wakanguruma. Watoto wakacheka.

"Sasa maji."

Kioo kikalia, chembamba. Mbwa mmoja akainua masikio.

"Mmeshika? Huu ni mlio wa mafuta, na huu wa maji. Nirudie?" Akarudia, mara mbili, mpaka kila mtu akawa anaitikia, "Mafuta! Maji!" kama darasani. Kisha akauvuta waya mrefu kutoka kisima cha majaribio, pale nyuma ya uzio. "Hapa ni chini ya miguu yenu. Ndipo penye hazina mnayohamishwa kwa ajili yake. Sikilizeni wenyewe."

Akachomeka.

Kioo kikalia, maelfu kwa maelfu, juu ya uwanja mzima, na katika miji yote iliyokuwa inatazama.

Bibi mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maji hayo."

"Zimeni!" Lomuria alipaza sauti, upole umemtoka. "Zimeni kamera!"

"Na Kisima cha Tisa ni hivihivi!" Nawoi alipiga kelele kabla spika haijakatwa. "Kina maji, nimekisikiliza mwenyewe! Mnara ni taa tu! Wanazishika taa kwa mkono!"

Spika ikafa. Maofisa wakamshika mikono. Ekuwam alisimama, na watu wake wote wakasimama nyuma yake. Hawakurusha jiwe. Walijipanga tu kuizunguka chemchemi, bega kwa bega, wake kwa waume, na Ekuwam akamwambia Lomuria taratibu:

"Ungetuomba maji, mzee, tungekaa tukazungumza. Mgeni haombi maji akanyimwa hapa. Wewe umekuja kutudanganya kwamba tumekalia mafuta."

*

Lomuria alisema kweli katika jambo moja: wakopeshaji hawakungoja machweo. Minara ilizimwa kwa amri, "kwa matengenezo," na Gawio la mwezi halikuingia. Maandamano yalizuka miji mitatu. Kamati ikaundwa, Lomuria akaenda kupumzika kwenye shamba lake wakati uchunguzi ukiendelea, na Nawoi akaachishwa kazi, akahojiwa, akaachiliwa, akahojiwa tena. Watu wa Kaekorot hawakuhama.

Asekon alifunga mkahawa. Nawoi alipopita kumwona, alimkuta akipanga viti juu ya meza.

"Wewe ndiye uliyeuliza, dada. Ulitaka kujua."

"Nilitaka kujua," Asekon alisema bila kugeuka. "Sikusema nataka kulala njaa. Niache kwanza, Nawoi. Nitakutafuta."

Zahanati ikapunguza siku za mashine. Wagonjwa waliozoea kuja kwa zamu sasa walikuja wote pamoja na kungoja kwenye benchi la nje, kila mmoja akiomba leo iwe yake. Aule alikuwa ameanza kuvimba miguu. Tangu siku ya baraza hakuwa amemwambia bintiye neno zaidi ya yale ya lazima: nipe maji, fungua dirisha, twende.

Wakiwa kwenye benchi hilo, mwanamume mmoja aliyemleta kaka yake alimtazama Nawoi, akamtazama tena.

"Si ndiye huyu?" akasema. "Yule wa spika! Umefurahi sasa? Wewe unajua kusoma mwamba, huna mgonjwa, utajuaje? Tulikuwa tunakula, tunatibiwa. Ukaja na mdomo wako!"

Foleni ikageuka. Wengine wakaanza kunung'unika, mama mmoja akatema mate chini karibu na viatu vya Nawoi. Nawoi hakujitetea. Maneno yote aliyokuwa nayo alikuwa ameshayasema, na mbele ya yule kaka aliyeinamisha kichwa, ngozi imekuwa ya kijivu, hayakuwa na uzito.

Aule aliinuka. Ilimchukua muda, kwa miguu ile. Shanga zake ziligongana.

"Ndiye," alisema. "Ni wangu, nimemzaa mimi, na mimi ni mgonjwa wa mashine hiyohiyo. Nilimwomba asiseme. Mnasikia? Nilimwomba kwa mdomo huu huu, na akasema. Kwa hiyo kama kuna mwenye haki ya kumtemea mate hapa, ni mimi, na bado sijaamua." Akavuta pumzi. "Lakini nyinyi mnamtukana aliyefunua chungu. Aliyekula kilichokuwa ndani yuko wapi? Mmemwona kwenye benchi hili? Figo zake hutibiwa wapi, yule? Mtukaneni huyo! Nendeni mkapige kelele getini kwake, nami nikipata nguvu nitakuja nimeshikwa mkono. Hapa msinipigie kelele. Hapa tunaumwa sote."

Yule mwanamume alikaa, akamfunika kaka yake miguu kwa koti.

Aule naye akakaa. Hakumtazama bintiye. Alisukuma mfuko wake wa nguo mpaka magotini pa Nawoi, kama mtu anayempa mwenzake mzigo amshikie kidogo.

"Bado naogopa," alisema, kwa sauti ya chini.

"Najua, mama."

"Usijibu. Shika tu."

Mlango ukafunguliwa, nesi akatokea na kuita jina. Lilikuwa la yule kaka. Nawoi na yule mwanamume wakainuka pamoja, wakamshika huku na huku, wakamwingiza ndani.